Rangi ya Hewa Jikoni Mwetu

Kazi ya baba yangu ilikuwa kupima hewa. Nikiwaambia watu hivyo siku hizi wanadhani natania, lakini ndiyo kazi iliyotulisha sisi sote, yeye, mama, mdogo wangu na mimi, miaka ile nchi ilipoitwa Zaïre na baba alipovaa abacost yake ya kijivu, ile suti isiyovaliwa na tai, kila asubuhi kungoja lori la kazini. Alikuwa fundi wa maabara kwenye kituo kimoja cha utafiti huko milimani, njia ya kwenda Kavumu. Watafiti kutoka Ulaya walipokuja kuchunguza volkano na ziwa, yeye ndiye aliyewabebea vyombo, na baada ya miaka michache ndiye aliyewaonyesha namna ya kuvitumia katika mvua zetu.

Walikwenda sana upande wa kaskazini wa ziwa, kwenye mawe meusi ya volkano, kutafuta mazuku. Mazuku ni mabonde madogo ambamo hewa mbaya hutoka ardhini na kulala chini kama maji. Mbuzi akishuka kula majani humo, hapandi tena. Baba alitusimulia habari hizo mezani bila kupamba. Alikuwa na sanduku la vineli vya kioo, vyembamba kama kalamu ya risasi, vyenye chembe nyeupe ndani. Unavunja ncha zote mbili, unachomeka kwenye pampu ndogo ya mpira, unavuta hewa, halafu unatazama chembe zimebadilika rangi kiasi gani. Kulikuwa na vineli vya hewa ya mazuku, na vingine vya hewa ya moto usiowaka vizuri, ile isiyonuka kitu. Wazungu walipopungua, sanduku lilibaki mikononi mwake, na hakuna aliyeleta lingine.

Nyumba tuliyokaa mtaa wa Muhumba, Bukavu, tuliipata kwa sababu ya kazi hiyo. Ilikuwa ya mgeni mmoja aliyeondoka, Serikali ikaichukua, kituo kikapewa funguo, na zamu ya baba ikafika. Kabla ya hapo tulikuwa mtaa wa Kadutu, tukipika uani chini ya mabati manne, kwa makala, yaani makaa. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alisimama mbele ya watoto hamsini na kitu tangu asubuhi, akarudi mchana na chaki kwenye nywele, akachuchumaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, kuupepea moto kwa mfuniko wa sufuria. Nakumbuka mgongo wake wakati huo kuliko uso wake.

Katika nyumba ya Muhumba tulikuta jiko la gesi. Lilikuwa na mioto minne na tanuri chini, rangi nyeupe iliyochubuka pembeni. Siku baba alipoleta chupa ya kwanza ya gesi kutoka Bujumbura na kuiunganisha, mama alisimama mlangoni amefumbata mikono. Baba akawasha kiberiti. Moto ukatokea mviringo, wa buluu, bila moshi.

Mama akauliza, "Basi? Njo hivi tu?"

"Njo hivi tu," baba akasema.

Mama akavuta kiti, akaketi. Sijui kama alikwisha kuketi jikoni kabla ya siku ile. Maji yalipochemka hakusimama mara moja. Aliyaacha yachemke, akiyatazama, kana kwamba hilo peke yake lilikuwa mapumziko.

Nasema haya ili nisilitendee jiko lile dhuluma. Lilimpa mama saa moja kila siku, labda zaidi, na kwa mwanamke aliyechoka namna ile saa moja ni kitu kikubwa. Tulilipenda. Lakini jikoni penyewe palikuwa padogo, pamebanwa kati ya stoo na ukuta wa jirani, na dirisha lake lilikuwa moja tu, dogo, linalotazama ukuta. Baada ya wezi kuingia nyumba ya tatu kutoka kwetu, baba alilipigilia misumari. Tena kulikuwa na baridi. Watu wa nchi tambarare, kama wale wa Luberizi kwenye mashamba ya mpunga, hawaamini wanapoambiwa kwamba Bukavu watu hulala na mablanketi mawili. Mvua ikinyesha wiki nzima, nguo hazikauki. Tulianza kuzitandaza kwenye viti mbele ya tanuri, mlango wake wazi, moto ukiwaka. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akahamishia vitabu vyake humo. Alikaa kwenye kigoda kando ya jiko, daftari kwenye magoti, mashavu mekundu kwa joto.

Mwaka ulipopita, moto ulianza kubadilika. Buluu ikapungua, ncha zikawa za manjano na za kuchezacheza. Sufuria zikaanza kuwa nyeusi chini, nami ndiye niliyezisugua kwa mchanga, nikinung'unika kwamba hata makala hayachafui hivi. Hakuna aliyelitazama jambo hilo mara mbili. Tulikuwa na maumivu ya kichwa jioni. Mama alisema ni kelele za darasani. Mimi nilisema ni masomo. Mdogo wangu alikuwa anatapika mara mojamoja, tukamlaumu kwa kula maembe mabichi. Baba peke yake hakuumwa, kwa kuwa aliingia jikoni kuchukua chai tu. Tulikuwa tumezoea kuchoka, hata hatukuuliza uchovu ule ulitoka wapi.

Jumamosi moja, wakati wa mvua ndefu, ilikuwa zamu yetu kupokea watu wa shirika, yaani majirani Wakatoliki wa mtaa wetu waliokutana kusali nyumba kwa nyumba. Baba alikuwa kazini mpaka mchana. Mama aliwasha mioto yote minne tangu saa mbili asubuhi: maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, maji ya wali, na maji ya bugali ya baadaye. Ndani ya tanuri kulikuwa na mikate. Kwa sababu ya upepo, alifunga na mlango wa kuelekea uani. Mdogo wangu alikuwa akichambua mchele kwenye kigoda chake.

Mafuta ya mawese yakaisha. Mama akanituma kwa jirani yetu wa chini, mama mmoja muuguzi, kuomba chupa. Nilikawia. Muuguzi yule alikuwa na gazeti lenye picha za mitindo ya nguo, nami nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilisimama barazani kwake labda nusu saa, nikifunua kurasa, mvua ikipiga mabati. Niliporudi na chupa mkononi niliita mlangoni, sikujibiwa.

Nilifungua mlango wa jikoni. Mdogo wangu alikuwa amelala sakafuni kwa ubavu, mchele umemwagika karibu na mkono wake. Mama alikuwa ameketi kitini, macho wazi, ananitazama. Hakusimama. Nilimwita, midomo yake ikasogea, sauti haikutoka. Jambo ambalo sijalisahau ni kwamba hakuonyesha hofu. Alionekana kama mtu aliyechoka tu, anayeomba aachwe apumzike.

Nilimvuta mdogo wangu kwa makwapa mpaka uani. Nikapiga kelele. Muuguzi alipanda mbio bila viatu, akatazama ndani, akaelewa kabla sijamaliza kueleza.

"Toa maman naye," akasema. "Toa bote inje. Acha mvua ibanyeshee."

"Maman hawezi kutembea."

"Basi tumukokote. Shika miguu. Na usivute pumzi humo ndani."

Tuliwalaza kwenye majani, mvua ikiwapiga usoni. Muuguzi aliubandika mdomo wake juu ya mdomo wa mdogo wangu akampulizia, akapumzika, akampulizia tena. Mama alianza kutapika, na muuguzi akasema hiyo ni nzuri. Jirani mwingine mwenye gari akaitwa. Jikoni maharagwe yaliungua mpaka mtu akakumbuka kufunga chupa ya gesi.

Hospitalini walimwekea mdogo wangu hewa ya kusaidia kupumua. Mama alirudiwa na nguvu jioni ile. Mdogo wangu hakusema neno mpaka kesho yake mchana, na neno lenyewe lilikuwa la kuomba chai. Baba alifika akiwa bado na koti la maabara chini ya koti la mvua. Alisimama kati ya vitanda viwili. Muuguzi wetu, aliyekuwa hajaondoka, alimuuliza kwa upole.

"Papa, mu jikoni kwenu muko dirisha?"

"Iko," baba akajibu. Akavua kofia. "Nilipigilia misumari."

Baba aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kukunja na kukunjua kofia yake.

Kesho yake, Jumapili, kabla hajaenda hospitalini, alitoka chumbani na lile sanduku la vineli. Sikujua kwamba lilikuwa nyumbani. Alikuwa amepitia kituoni alfajiri, akamwomba mlinzi amfungulie. Ndani ya sanduku vilikuwa vimebaki sita tu, vyote vya ile hewa isiyonuka. Aliniambia nisimame uani nihesabu mpaka mia tatu, na kama hajatoka nimwite muuguzi. Akawasha moto wa jiko, dirisha likiwa limefungwa kama tulivyoliacha, akaubana mlango. Nilihesabu kwa sauti. Nilipofika mia mbili na kitu akatoka, anakohoa, kineli mikononi.

Chembe zilikuwa nyeupe alipoingia. Sasa zilikuwa za kahawia karibu mpaka mwisho.

"Tazama," akasema. Alikishika mbele ya macho yangu kwa muda mrefu. "Kule kwenye mawe, tukiona hivi, tunakimbia. Na maman alikuwa anapikia humu."

Alikitia kineli mfukoni. Akang'oa misumari ya dirisha, akapima tena dirisha likiwa wazi. Kahawia ilipungua, haikuisha. Akapima kwenye ukumbi. Akapima chumbani kwetu, mimi na mdogo wangu, mahali pasipokuwa na jiko wala moto. Hata humo chembe zilibadilika kidogo. Hewa ile ilikuwa ikitembea nyumba nzima, ikiingia tulikolala. Baba aliketi kwenye kitanda cha mdogo wangu na kusema, si kwangu hasa, "Miaka minane mi napima hewa ya mbuzi."

Baadaye alilifungua jiko lote, akaondoa vichwa vya moto, akazibua tundu moja moja kwa sindano ya mama ya kushonea. Masizi na mafuta yaliyokauka yalitoka kama unga mweusi. Akapaka sabuni kwenye bomba la mpira. Chupa ilikuwa imefunguliwa lakini hakuna moto uliowashwa, na bado mapovu yalitokea pale bomba linapoungana na jiko. Yalivimba, yakapasuka, yakavimba tena. Gesi ilikuwa ikitoka mchana na usiku, hata tulipokuwa kanisani, na harufu yake tulikuwa tumeizoea. Akakata mpira, akauunga upya. Alipopima mara ya tano, moto ukiwa wa buluu na dirisha wazi, rangi ilikuwa hafifu.

Mama aliporudi kutoka hospitalini hakuingia jikoni. Alikaa kwenye ngazi za nje, shali mabegani, akamsikiliza baba akieleza.

"Haitoshi," baba alisema. "Dirisha likiwa wazi mvua inaingia, mutalifunga. Inafaa tundu juu ya jiko, na bomba ya kutoa hewa mpaka juu ya nyumba."

"Utoboe, basi."

"Nyumba ni ya Serikali. Karatasi inasema tusitoboe kitu."

"Na hiyo hewa, ikitoka kwa tundu, inaenda wapi?"

Baba alitazama juu ya paa. Akamwambia kwamba moto hata ukiwa mzuri, wa buluu kabisa, bado hutoa ile hewa ya mazuku, kidogo kidogo, na kwamba mtafiti mmoja mzee aliwahi kumwambia wakiwa ziwani kuwa hewa hiyo haipotei. Inapanda kutoka viwandani, kwenye magari, na jikoni pia, inakusanyika juu na kuifunika dunia kama blanketi. Mzee yule alikuwa na wasiwasi nayo. Baba wakati ule alidhani ni mambo ya Ulaya.

Mama alivuta shali. "Basi tunaitupia bengine."

"Kidogo tu."

"Kidogo yetu na kidogo ya bengine." Akafumba macho. "Sina nguvu ya kufikiria dunia, Papa. Nataka mutoto wangu apumue. Andika barua yako."

Baba aliandika. Aliandika kwa Kifaransa, akapiga chapa kwa mashine ya kituo, akaomba ruhusa ya kutoboa tundu moja ukutani kwa sababu za afya. Ofisi ya nyumba ilipokea barua, ikagonga muhuri, ikamwambia angoje. Alingoja wiki nne. Akaenda, akaambiwa mwenye kutia sahihi yuko safarini Kinshasa. Akaandika nyingine. Wakati huo mama alipika akiwa amevaa koti, dirisha na milango wazi, mvua ikimwaga maji kwenye sakafu, upepo ukizima moto kila dakika. Mdogo wangu alikuwa ametoka hospitalini, lakini alitembea polepole kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Alisoma ukurasa, akauanza tena. Siku moja aliniuliza, kama anavyoniita mimi mkubwa wake, "Yaya, kitenzi ni nini tena?" Kabla ya siku ile ya jikoni alikuwa wa pili darasani.

Nadhani swali hilo ndilo lililokata subira. Mama alikuwa mlangoni, alilisikia. Alikwenda stoo, akarudi na nyundo na patasi ya baba, akapanda juu ya meza na nguo zake za shule, akaanza kuupiga ukuta juu ya jiko. Tofali lilikuwa gumu. Alipiga, akapumzika, akapiga. Vumbi likamfanya mweupe. Nilimwambia anipe nyundo, akanipa bila kubisha, akashuka, akavuta pumzi, akapanda tena kuichukua. Tulipokezana hivyo mpaka mwanga ukaonekana.

Baba aliporudi alikuta tundu la upana wa sufuria na mke wake ameketi chini yake, mikono imechubuka. Aliingiza mkono kwenye tundu mpaka bega.

"Batasema nini pale ofisini?" akauliza.

"Bataandika barua," mama akasema. "Na mi nitangoja."

Wiki ile ile fundi bati wa Kadutu alitutengenezea bomba. Baba akapima kwa kineli cha mwisho, mioto yote minne ikiwaka. Tulisimama watatu tukitazama, mdogo wangu akiwa amekaa kwenye ngazi. Chembe zilibaki nyeupe, isipokuwa mwanzoni kabisa, kivuli kidogo. Baba alikiweka kineli mezani. Nilitegemea afurahi. Aliosha mikono tu, akasema sanduku ni tupu na kwamba Jumatatu lazima amwambie mkuu wake, kwa kuwa vilikuwa vitu vya kituo.

Hakulala vizuri siku zile mbili. Watu walifukuzwa kazi kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Jumatatu alivaa abacost iliyopigwa pasi upya, akaingia kwa mkuu wa kituo, akaweka sanduku mezani, akaeleza yote, tangu misumari mpaka tundu. Alitusimulia jioni, akiwa bado amesimama.

Mkuu alikuwa amemsikiliza bila kumkatiza. Halafu akauliza, "Ilikuwa rangi gani?"

"Kahawia, Citoyen. Karibu kineli chote," baba alimjibu; enzi zile hata wakuu waliitwa Citoyen, yaani mwananchi.

Mkuu alifungua sanduku, akatazama nafasi zilizo wazi. Akasema hakuna mtu angevitumia, maana gari la kwenda kwenye mawe halina magurudumu tangu mwaka uliopita. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kimebaki hata kimoja mahali pengine. Yeye pia alikaa nyumba ya namna ile. Yeye pia alikuwa na jiko la gesi, na mtoto wa mwisho alikuwa anaumwa kichwa.

Jumapili baada ya misa baba alinichukua tukaenda huko, kwa sababu mke wa mkuu alitaka kusikia kutoka kwa aliyeona. Niliwaeleza sebuleni, chupa ya mafuta, mchele sakafuni, macho ya mama. Sikueleza habari ya gazeti. Sijawahi kuieleza. Mke wa mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaanza kufungua madirisha ya nyumba moja baada ya jingine, hata ya vyumba vya mbali.

Baba alivua koti, akapiga magoti mbele ya jiko lao. Mkuu mwenyewe alimshikia beseni. Walizibua tundu zote kwa sindano, wakapaka sabuni kwenye bomba, wakawasha. Moto ukawa wa buluu.

"Sasa iko muzuri?" mkuu akauliza.

"Sijue, Citoyen. Sina tena kitu ya kupimia. Muache dirisha wazi, na mutoto asikae humu."

Tulirudi kwa miguu. Kwenye mwinuko baba alisimama mara mbili kupumzika, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwake. Nyumbani aliketi kwenye kiti cha ukumbini na usingizi ukamchukua akiwa na viatu, mikono bado ina masizi. Mama alimvua viatu, kimoja kimoja, asimwamshe. Mdogo wangu alikuwa mezani na daftari la darasa alilokuwa analirudia mwaka ule, akifuata mstari kwa kidole.

Saa kumi hivi mtu akabisha hodi. Alikuwa karani wa kituo, kofia mkononi, mvua mabegani. Alisema amesikia kwamba papa anajua kutazama majiko, na kwamba mke wake ana mimba na analalamika kizunguzungu. Mama alimtazama, akamtazama baba aliyelala. Akamwambia karani aketi kidogo, akaenda mwenyewe kutafuta sindano yake ya kushonea.